Kupima kontena la tangi hadi lipate cheti: mwongozo kutoka yadi za Mombasa

Mteja mmoja alinipigia simu saa tano asubuhi, sauti imempanda. Kontena lake la tangi lilikuwa limekataliwa kupakiwa melini, na cheti cha presha alikuwa nacho mkononi, cha mwezi ule ule. "Si nimeshapima, bwana?" Nikamwomba anisomee tarehe iliyopigwa kwenye bamba la fremu, lile lenye maneno CSC juu yake. Akanyamaza kidogo. Tarehe ilikuwa imepita miezi minne. Alikuwa amepima nusu ya kontena.

Kosa hilo ndilo ninaloliona zaidi kuliko jingine lolote katika yadi za Changamwe, Miritini na Jomvu, kwa hivyo naanzia hapo. Kontena la tangi ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja: fremu ya chuma ya futi 20, na pipa kubwa la stenlesi lililolazwa ndani yake. Kila kimoja kina sheria yake na saa yake.

Fremu inafuata Mkataba wa Kimataifa wa Kontena Salama, CSC, uliotiwa saini 1972 na kuanza kutumika 1977. Kwa utaratibu wa kawaida, ukaguzi wa kwanza hufanywa kabla ya miaka 5 tangu kontena litengenezwe, kisha kila baada ya miezi 30. Kuna wenye makontena mengi walioidhinishiwa mpango wa ukaguzi endelevu. Hao utaona herufi ACEP kwenye bamba badala ya tarehe ijayo.

Tangi lenyewe, likibeba shehena hatari, linafuata kanuni za IMDG, yaani za kimataifa za kubeba shehena hatari baharini, sura ya 6.7. Kila miaka 5 linapimwa kwa presha ya maji, na katikati, kila baada ya miaka 2 na nusu, linakaguliwa na kupimwa kama linavuja. Ukiangalia vizuri, saa zote mbili zinakwenda kwa hatua za miezi 30. Mwenye mali mwerevu huzilinganisha mara moja ili kila akilileta kontena yadini amalize yote kwa safari moja. Asiyezilinganisha analipa lori mara mbili.

Jambo jingine la kuondoa mapema. Wateja wengine huniuliza kama tutalibebesha kontena mizigo juu ili tuone kama litavunjika. Hapana. Majaribio hayo hufanyiwa mfano wa kwanza wa kila muundo, kiwandani, kwa kiwango cha ISO 1496-3: kulishindilia juu, kuliinua likiwa na uzito maradufu ya ule ulioruhusiwa, kulisukuma ubavuni. Bamba la CSC likisema uzito unaoruhusiwa kupangwa juu ya kontena ni kilo 192,000, maana yake ni kwamba kila nguzo ya pembeni ya kontena la mfano ilibebeshwa kilo 86,400: chukua 192,000, zidisha kwa 1.8 kwa sababu ya mitikisiko ya meli baharini, gawa kwa nguzo 4. Kazi yetu Mombasa ni kuthibitisha kwamba kontena lililo mbele yetu bado ni lile lililopita majaribio hayo, na kwamba chumvi, forklifti na madereva hawajaligeuza kitu kingine.

Soma mabamba kabla hujashika spana

Chukua brashi, futa vumbi, piga picha mabamba yote. Namba ya kontena ni herufi 4, ya mwisho ikiwa U, kisha tarakimu 6 na moja ya uhakiki ndani ya kisanduku. Namba hiyo lazima ifanane kwenye bamba, kwenye ubavu na kwenye makaratasi. Imewahi kutokea nikaletewa vyeti vya kontena jingine kabisa, na aliyeleta hakuwa na habari.

Kwenye bamba la tangi andika mambo haya: presha ya juu ya kufanyia kazi, presha ya kupimia, ujazo wa maji kwa lita, aina ya chuma cha tangi na unene wake, namba ya T (daraja la tangi kwa kanuni za IMDG), na tarehe ya kipimo cha mwisho. Tangi la T11, ambalo ndilo utakutana nalo sana, kwa kawaida hufanya kazi kwa baa 4 na kupimwa kwa baa 6. (Baa hapa ni kipimo cha presha. Baa la mkosi litakuja ukikosea hesabu.) Kanuni ya jumla kwa matangi ya vimiminika ni kuzidisha presha ya kazi kwa 1.5. Matangi ya gesi kama ya T50 yana sehemu yake na hesabu zake, na sitayagusa sana hapa.

Tahadhari moja: ubavuni utaona maandishi kama 22T6. Hiyo ni alama ya ukubwa na aina ya kontena, na haihusiani na T6 ya kanuni za IMDG. Nimeona kijana akibishana na mkaguzi nusu saa nzima kwa sababu ya kuchanganya hizo mbili.

Kama tarehe imeshapita, usikate tamaa papo hapo. Tangi lililojazwa kabla ya tarehe kwisha linaweza kusafirishwa kwa muda usiozidi miezi 3 baada ya tarehe hiyo. Na tangi lililomwagwa shehena yake lakini halijaoshwa linaruhusiwa kusafiri likienda kupimwa. Kwa hivyo tangi lililoishia Kampala au Kigali na tarehe ikafika huko huko linaweza kurudi Mombasa kwa njia halali. Kisichoruhusiwa ni kulijaza tena kabla ya kipimo.

Kuosha

Uliza shehena ya mwisho ilikuwa nini, kisha uulize iliyotangulia hiyo. Mafuta ya mawese na mafuta ya mashine yanahitaji mvuke na sabuni. Lami inahitaji subira. Lakini kuna shehena ambazo ukizipigia maji umeanzisha balaa: asidi ya salfuriki kali ikichanganyika na maji kidogo inaila stenlesi ambayo ilipokuwa kali haikuigusa sana, na zile kemikali za kutengenezea sponji za magodoro zikikutana na maji zinatoa gesi na kuganda kuwa povu gumu. Kama hujui shehena, subiri karatasi zake.

Maji machafu hayaendi kwenye mtaro. Mitaro ya Changamwe mwisho wake ni mkono wa bahari, na NEMA, mamlaka ya mazingira, wana kanuni za maji taka tangu 2006. Depo inayoosha matangi iwe na shimo la kutenganisha mafuta na mkataba na mchukuaji taka mwenye leseni.

Kuingia ndani

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu hufa.

Tangi lililokuwa na kemikali mara nyingi hufunikwa kwa naitrojeni. Naitrojeni haina harufu, haina rangi, haichomi macho. Mtu anachungulia, anaona kusafi, anashuka ngazi, anavuta pumzi mbili na miguu inamwisha nguvu. Mwenzake anamwona ameanguka, anaruka kumwokoa, naye analala juu yake.

Fungua mdomo wa juu na valvu ya chini. Pitisha hewa kwa feni yenye bomba refu linalofika chini kabisa, kwa sababu kuna mvuke mzito kuliko hewa ambao hukaa sakafuni kama maji. Kisha teremsha kipima gesi kwa kamba: juu, katikati, chini. Oksijeni iwe kati ya asilimia 19.5 na 23.5, hewa ya kawaida ni 20.9, na namba ikiwa 20.1 mimi husimama nijiulize kilichochukua nafasi ni nini. Gesi za kuwaka zisome sifuri au karibu na sifuri. Kipima kiwe na cheti cha urekebishaji ambacho hakijaisha muda.

Anayeingia avae mkanda wa mwili uliofungwa kwa kamba kwenye mhimili wa miguu mitatu juu ya mdomo. Taa iwe ya volti 24 au chini ya hapo. Anayebaki juu haondoki kwenda kununua chai, na haingii ndani kwa sababu yoyote. Kazi yake ni kuvuta kamba na kupiga kelele. Kibali cha kazi kiandikwe kabla, siyo baadaye wakati wa chakula cha mchana. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 ndiyo inayokufunga hapa Kenya, na maafisa wa DOSHS, idara ya usalama na afya kazini, wakija baada ya ajali karatasi hiyo ndiyo wataomba kwanza.

Na usiingize mtu saa saba mchana wa Februari. Tangi lililoanikwa jua la kaskazi ni tanuri. Asubuhi na mapema, vipindi vifupi.

Ndani, angalia nini

Usimulike tochi moja kwa moja. Ilaze karibu na ukuta ili mwanga uteleze juu ya chuma. Hapo kila kishimo kitatupa kivuli. Fuata mishono yote ya kuchomelea, kisha sehemu ya chini ambako mabaki hukaa, kisha kuzunguka valvu ya chini. Vishimo vidogo vyeusi kama vilivyodungwa kwa sindano ni kazi ya chumvi. Ufa mwembamba kando ya mshono ni habari mbaya zaidi.

Unachokishuku kipimie. Unene wa chuma unapimwa kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, kutoka ndani, bila kutoboa. Kanuni zinataka tangi lenye kipenyo kinachozidi mita 1.8 liwe na unene wa milimita 6 za chuma cha kawaida cha kulinganishia. Kwa kuwa stenlesi ni imara zaidi, hesabu huishia kwenye milimita 4 na nukta kadhaa. Namba halisi ya tangi lako iko kwenye michoro yake. Kwa vyovyote vile, ukuta hauruhusiwi kushuka chini ya milimita 3. Kishimo kinapimwa kina chake na kutolewa kwenye unene uliobaki, na jibu hilo ndilo linaloamua, siyo jinsi kinavyoonekana.

Nyufa zitafutwe kwa rangi. Safisha, paka rangi nyekundu, acha dakika 10 hadi 20, futa kabisa, kisha pulizia unga mweupe. Ufa utajichora wenyewe, mstari mwekundu juu ya nyeupe. Njia ya sumaku na unga wa chuma usiitumie kwa tangi. Stenlesi ya aina ya 316 haishikwi na sumaku. Kwenye fremu, sawa.

Neno kwa mafundi wetu: brashi ya waya na diski ya grainda uliyotumia kwenye fremu isiguse stenlesi. Inaacha punje za chuma cha kawaida, na baada ya wiki mbili tangi jipya lina madoa ya kutu utafikiri limeokotwa ufuoni. Weka seti mbili, moja ipake rangi ya buluu mpinioni, na umwambie kila mtu.

Kuchomelea ukuta wa tangi si kazi ya fundi yeyote mwenye mashine. Kunahitaji idhini ya mamlaka husika na fundi mwenye cheti cha utaratibu huo, na baada yake tangi lipimwe upya kwa presha yake ya asili. Ukiona kiraka kisicho na karatasi, tangi hilo limeshaanguka mtihani.

Fremu

Fremu ya kontena linaloishi Mombasa inaliwa na hewa. Upepo wa kusi unaleta unyevu wa chumvi miezi mingi mfululizo, na kutu huanzia pale maji yanaposimama: juu ya reli za chini, kwenye vikombe vya pembe, nyuma ya viungo vinavyoshika tangi. Gonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti ya mbao.

Pembe 8 ndizo roho ya kontena, maana hapo ndipo kreni inaposhika na pini za lori zinapofunga. Pembe yenye ufa uliopenya, au iliyopinda kiasi cha pini kutoingia sawasawa, inasimamisha kontena papo hapo. Nguzo iliyobonyea zaidi ya milimita 50, vivyo hivyo. Reli ya chini, zaidi ya milimita 100. Angalizo: hizo ni namba za kukataza kontena kutembea kabisa. Si ruhusa ya kupitisha bonyeo la milimita 45. Kwa cheti kipya mkaguzi ataangalia viwango vikali zaidi vya mwenye kontena, na mimi binafsi nguzo iliyobonyea hata milimita 20 katikati huipeleka kunyooshwa, kwa sababu nguzo hubeba kama imesimama wima na si vinginevyo.

Usisahau njia ya kutembelea juu na ngazi. Watu wanazidharau kwa sababu hazishiki shehena, mpaka siku fundi anapoanguka kutoka mita 2 na nusu.

Koti la nje na sufi ya kuhifadhi joto havitolewi vyote. Kanuni zinasema viondolewe kwa kadiri inayohitajika kuiona hali ya tangi. Mimi hutoa kipande pale koti lilipobonyea au linapotiririsha kutu, kwa kuwa sufi iliyolowa maji ya chumvi inakaa kama kitambaa cha maji juu ya tangi miaka yote.

Valvu

Ondoa valvu ya usalama ya juu, peleka kwenye meza ya kupimia. Kwa tangi lenye presha ya kupimia inayozidi baa 4.5, valvu ianze kufunguka kwa asilimia 110 ya theluthi mbili za presha hiyo. Kwa tangi la baa 6: theluthi mbili ni 4, ongeza asilimia 10, unapata baa 4.4. Presha ikishuka valvu lazima ijifunge kabla haijapungua zaidi ya asilimia 10, yaani isipite chini ya 3.96. Inayofunguka sawa lakini ikakawia kujifunga ina uchafu au spiringi imechoka. Upande wa kufyonza, tangi nyingi zina valvu inayofunguka kwa baa 0.21 chini ya hewa ya nje. Iangalie vilevile, nitaeleza sababu muda si mrefu.

Chini, kwa shehena nyingi hatari, kunatakiwa vizuizi 3 vinavyojitegemea: valvu ya ndani, valvu ya nje, na kifuniko. Vuta waya wa dharura ulio upande wa pili na uhakikishe valvu ya ndani inafungika kweli. Waya huu mara nyingi nakuta umefungwa kwa kamba ya manila "usisumbue". Gasketi zote badilisha. Ni bei ndogo ukilinganisha na kurudia kazi nzima.

Maji, hapa ndipo Mombasa inapotutesa

Tangi la lita 24,000 linahitaji maji ya mitungi 1,200 ya lita 20. Bomba la mji linaweza kukatika wiki nzima, na kisima cha jirani kipo hapo hapo na bei yake nzuri. Shida ni kwamba visima vingi vya kisiwani na pwani hii vina chumvi, na kloridi ndiyo adui mkubwa wa stenlesi. Watengenezaji wengi wanataka maji ya kupimia yasizidi miligramu 50 za kloridi kwa lita. Maji ya bahari yana kama 19,000. Na kuonja hakukusaidii: ulimi huanza kuhisi chumvi kwenye miligramu 200 au 300 hivi, wakati tangi limeshaumia zamani. Maji ya kunywa safi kabisa, yanayofaa kwa chai, yanaweza kuwa mabaya kwa tangi.

Kwa hivyo nunua vijiti vya kupimia kloridi, pima kila boza kabla halijafungulia, na uandike namba kwenye fomu. Dereva wa boza akikuambia maji ni ya chemchemi za Mzima, mshukuru na upime vilevile. Depo zenye akili zina tangi lao la kuhifadhi maji yaliyochujwa na kuyatumia tena kutoka kontena moja hadi jingine. Ukilazimika kutumia maji yenye kloridi kidogo juu ya kiwango, usiyaache yalale: yatoe siku ile ile, suuza kwa maji laini, kausha kwa hewa. Yanayobaki kwenye kona yakikauka, chumvi inabaki na inakolea.

Siku ya pampu

Weka kontena kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, likalie pembe zake. Likijaa litakuwa na zaidi ya tani 27. Udongo wa yadi uliolowa mvua ya Mei hautalistahimili.

Mahali pa valvu ya usalama funga flanji butu, yaani kizibo cha chuma kisicho na tundu. Jaza polepole kutoka chini, mdomo wa juu ukiwa wazi, hadi maji yamwagike. Kisha funga bolti za kifuniko kwa kupishana, huku na huku, kama unavyofunga nati za gurudumu, na utoe hewa iliyobaki kupitia kitobo cha juu hadi yatoke maji matupu.

Hewa ina umuhimu gani? Lita 24,000 za maji zikisukumwa hadi baa 6 zenyewe hujibana kwa lita 6 au 7 tu. Tangi likipasuka, presha inaisha mara moja na unaloa miguu. Hewa ya ujazo huo kwa presha hiyo imebeba nguvu maelfu ya mara zaidi, na koti la bati litaruka hadi barabarani. Ndiyo maana hatupimi nguvu ya tangi kwa kompresa, hata mteja akiwa na haraka kiasi gani. Pia kuna faida ya ukaguzi: kwa kuwa ukuta wenyewe hutanuka kidogo, pampu itaingiza makumi machache ya lita, kama ndoo mbili, kufikia baa 6. Ukiona umeshaingiza ndoo tano na geji inapanda kwa uvivu, kuna mfuko wa hewa mahali. Shusha, toa hewa, anza upya.

Tumia geji 2, zote na vyeti vya urekebishaji, zenye kipimo cha 0 hadi 10 ili baa 6 iangukie kati. Ziwe juu ya tangi, kwani chini kuna uzito wa maji unaoongeza karibu baa 0.2. Panda kwa hatua: baa 2, simama, zunguka, baa 4, simama, zunguka, halafu 6. Wakati presha inapanda mtu asisimame mbele ya kifuniko wala flanji. Ikifika 6 funga valvu ya pampu, ondoa pampu kwenye mstari, andika saa. Wengi hushikilia dakika 30; mkaguzi ndiye atakayesema.

Sasa jua la Mombasa. Maji yaliyofungiwa yakipata joto hayana pa kwenda, na digrii moja tu ya joto inaweza kupandisha geji kwa zaidi ya nusu ya baa. Jua likipanda linaweza kuficha uvujaji mdogo, kwa sababu kinachotoka kinafidiwa na kinachotanuka. Wingu likipita au mvua ya ghafla ikipiga koti, geji inashuka na kila mtu anaanza kutafuta tundu lisilokuwepo. Niliwahi kupoteza mchana mzima hivyo, nikafungua gasketi mbili nzima bila sababu, kumbe ni manyunyu tu. Tangu siku hiyo najaza jioni, maji yanalala usiku yazoee, napima saa moja asubuhi kivulini, na kipimajoto kimebandikwa kwenye chuma. Kama unatumia maji yenye shaka ya kloridi huwezi kuyalaza, ndiyo sababu nyingine ya kutafuta maji mazuri.

Ikiwa tangi lina mabomba ya mvuke ya kupashia moto, nayo yanapimwa peke yake kwa presha iliyoandikwa kwenye bamba. Mengi hupita tangi yakaanguka mabomba.

Kutoa maji

Fungua kifuniko cha juu KWANZA. Ndipo ufungue valvu ya chini.

Katika depo moja nisiyoitaja, vijana walifungua chini kifuniko kikiwa kimefungwa na flanji butu bado iko mahali pa valvu. Maji yalitoka kwa kasi, hewa haikuwa na pa kuingilia. Tangi lililokuwa limesimama imara kwa baa 6 kutoka ndani likafyonzwa kutoka nje, likabonyea kwa mlio wa bati likikunjwa. Lilikuwa limeshapita mtihani dakika arubaini kabla. Ukuta wa tangi umeundwa kusukumwa nje. Kusukumwa ndani unastahimili kidogo sana.

Kipimo cha miaka 2 na nusu

Hiki ni chepesi. Ukaguzi wa ndani na nje, valvu kufanya kazi, na uvujaji kwa hewa isiyopungua robo ya presha ya kazi: kwa tangi la baa 4, ni baa 1. Hapa hewa inakubalika kwa sababu presha ni ndogo na tunatafuta vitobo, siyo nguvu. Paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, valvu zikiwa zimesharudishwa mahali pake, na utazame mapovu. Baada ya kipimo cha miaka 5 vilevile fanya hiki mwishoni, kwa kuwa ulishafungua kila kitu. Kwa hiki cha miaka 2 na nusu una nafasi ya miezi 3 kuzunguka tarehe iliyowekwa.

Mhuri

Kipimo kishuhudiwe na mtaalamu aliyeidhinishwa na mamlaka husika au na chombo kilichokabidhiwa kazi hiyo. Mara nyingi ni mkaguzi wa shirika la uainishaji wa meli kama Bureau Veritas au Lloyd's Register. Mpigie kabla ya kujaza maji. Mkaguzi aliyeletewa picha za geji kwenye simu hatatia sahihi, na akitia, huyo usimwite tena.

Kabla hajaondoka yadini simama naye mbele ya bamba, hesabu mambo haya kwa kidole: mwezi na mwaka wa kipimo umepigwa, aina ya kipimo imeonyeshwa kama ni cha miaka 2.5 au 5, presha iliyotumika ipo, na alama ya mkaguzi ipo. Halafu zunguka upande wa pili kwenye bamba la CSC, uone tarehe ijayo ya fremu nayo imewekwa. Linganisha namba ya kontena kwenye cheti na ile ya ubavuni, tarakimu kwa tarakimu, ukiisoma kwa sauti na mtu mwingine akitazama chuma. Piga picha. Rangi ya maandishi ya tarehe ubavuni iache ikauke kabla lori halijaingia, maana vumbi la Miritini halina adabu.